Nani Alisema Tulisahau

Mwanamke anayejua kwamba watu wa nyumba ya mlango wa kijani kule mlimani hawali lenga-lenga, mchicha wetu, siku ya Ijumaa, kwamba mzee wa jirani na kanisa anataka nyanya ngumu, kwamba mtoto wa tatu wa fundi saa alizaliwa wiki ile mvua ilipobomoa ngazi, mwanamke huyo ukimwandika kwenye karatasi kwamba ni msahaulifu, ndugu yangu, umemtukana. Na Feza M'Cubaka aliandikwa hivyo. Aliandikwa na watu wenye elimu, na lililomuuma zaidi ni kwamba waliandika maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe.

Feza alizaliwa Bukavu, akaolewa upande huu wa mto, Rwanda, na Bizimana, na sasa ni mwaka wa ishirini na saba anakaa Kamembe. Mboga zake hutoka Gitambi. Zikifika jioni anazichambua, anazinyunyizia maji, na alfajiri anazipanga kwenye beseni, nyanya chini, lenga-lenga juu. Halafu anatwikwa, anashuka mpakani Rusizi ya Pili, anapanga mstari, anavuka daraja, na kuanzia hapo ni kupanda ngazi za Bukavu nyumba kwa nyumba hadi beseni liishe. Mwenzake wa njia ni Josiane, ambaye naye kwao ni ng'ambo. Walikutana kwenye kwaya, wakaimba sauti moja, wakauza njia moja. Mama yake Josiane, bibi Micheline, bado anakaa kule juu kabisa ya ngazi, kwa sababu alikataa katakata kuhamia Rwanda, na kila siku Josiane humpitia yeye kwanza kabla ya kumuuzia mtu yeyote hata nyanya moja.

Vitu vidogo vya siku, kitambulisho, ufunguo, kidonge cha kichwa, wanawake hawa huvifunga kwenye pindo la kitenge. Na fundo la mama mmoja halifunguliwi na mwingine, hata awe mtoto wake wa kumzaa. Hiyo ni adabu ya watu wa mpakani. Haijaandikwa popote, lakini ukiivunja utaisikia.

Basi, miaka mitatu iliyopita Feza akaambiwa kwenye kituo cha afya kwamba ana presha, ambayo huku tunaita tansio. Josiane akaambiwa vilevile wiki ileile, wakacheka kwamba hata ugonjwa wamepanga mstari mmoja. Épiphanie, muuguzi wa siku nyingi, mwanamke mpole asiye na maneno mengi, akawapa vidonge vyeupe na kuwaeleza: kimoja kila asubuhi, bila kukosa.

Épiphanie alieleza yote isipokuwa moja, na hilo moja Feza alilijua mwenyewe siku ya tatu. Kidonge kile kinaleta mkojo, na si mkojo wa kungoja. Sasa fikiria wewe, beseni la kilo ishirini na tano kichwani, mikono miwili juu, ngazi mia na kitu mbele yako. Ukilishusha, nani atakutwika? Utasimama kando ya njia kama ombaomba ukingoja mpita njia mwenye huruma, na mboga zinanyauka. Feza alibana. Alibana kwenye mstari, akabana darajani, akabana mpaka ngazi ya arobaini hivi, na hapo mwili ukamshinda. Mama wa miaka hamsini na mmoja, mwimbaji wa kwaya, akajikojolea kwenye kitenge chake kizuri mbele ya watu wanaokwenda kazini. Hakumwambia mtu, hata Josiane. Alirudi nyumbani, akafua, akaapa kwamba siku ya kuvuka hanywi kidonge tena.

Akawa anakunywa Jumapili na siku asiyovuka. Na kila mwezi, siku mbili kabla ya kwenda kupimwa, alikunywa bila kukosa ili mashine iseme vizuri na Épiphanie asinune. Kumbe wenzake wengi walifanya hivyohivyo, kila mmoja peke yake, kila mmoja akidhani aibu ni yake tu.

Ndipo wakaja watu wa anketi. Kulikuwa na utafiti, wakasema, wa kujua kwa nini wagonjwa wa tansio hawapati nafuu. Mkubwa wao aliitwa Hugues, mwanamume wa shati lililopigwa pasi, mwenye haraka wakati wote. Aliyeuliza maswali ni Valens, mwenyeji wa Nkungu, mwenye adabu, na kwa umri ni sawa na mtoto wa kwanza wa Feza. Akakaa mbele yake na tableti mapajani.

"Maman, katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi hukunywa dawa?"

"Tano," alisema Feza, kwa kuwa kusema uongo wa hesabu hakupenda.

"Sababu? Ulisahau, ziliisha, au ulijisikia umepona?"

Feza akamtazama mtoto wa watu. Angemwambia nini? Neno lile angelianza vipi mbele ya kijana aliyenyoa ndevu juzi? Akachagua la kwanza, lililo jepesi.

"Nilisahabu."

Valens akagusa kioo. Akaja Josiane, naye alisahau. Waliofuata nao walisahau, benchi zima. Utafiti ukatoka na jibu lake safi kabisa: wagonjwa wa hapa wanasahau. Na tiba ya msahaulifu ni kukumbushwa, si ndiyo? Mwezi haujaisha, simu zikaanza kupokea ujumbe. Kila siku, saa kumi na moja na nusu alfajiri: Kumbuka kunywa dawa yako.

Siku ya kwanza walikuwa kwenye mstari wa daraja. Simu ikalia kwenye kifua cha huyu, ikalia kwa yule, mstari mzima wa mabeseni ukalia kwa pamoja. Wanawake wakatazamana. Kisha wakacheka, wakacheka mpaka mmoja akamwaga karoti. Feza naye alicheka, ingawa moyoni ilimchoma. Josiane peke yake hakucheka. Aligusa fundo la kitenge chake, akasogea mbele na mstari.

Wiki ya tano Josiane alianguka. Walikuwa kwenye ngazi, Feza mbele, yeye nyuma. Feza alisikia beseni kwanza, nyanya zikidunda zikimpita miguuni, ndipo akageuka. Watu walimbeba, akavushwa, akalazwa hospitali siku kumi na mbili. Akarudi nyumbani mkono na mguu wa kulia vimekufa, na mdomo wake hautoi neno. Bibi Micheline hakuambiwa. Walihofia moyo wake, wakasema atajulishwa baadaye, na Feza akaanza kuuzia mitaa ya chini ili asipite mlango ule.

Kilichomwasha Feza ni karatasi. Alikwenda kituo cha afya kuchukua faili la Josiane, na binti wa Josiane, aitwaye Nishimwe, akamsomea kilichoandikwa: mgonjwa alipata kiharusi, sababu ni kusahau dawa. Feza akamwambia arudie. Nishimwe akarudia. Feza akakaa chini palepale kwenye sementi, kwa hasira na kwa aibu, na hakujua ipi ni kubwa. Josiane alikuwa hawezi tena kufungua kinywa kujitetea, na karatasi ilikuwa inamsemea. Karatasi ileile ambayo yeye Feza, kwa haya zake za kijinga, alisaidia kuiandika.

Wiki iliyofuata anketi ilirudi kwa awamu ya pili, kuona kama ujumbe wa simu umesaidia. Uwanja wa kituo ulijaa, wanawake kwa wanaume. Feza alikuwa wa kwanza kuitwa. Alikaa, akakunja nne.

"Maman Feza, katika siku saba zilizopita..."

"Ngoja, Valens. Kwanza unisomee kile nilisema siku ile."

Valens akashangaa, lakini alitafuta. "Ulikosa siku tano. Sababu, kusahau."

"Tosha hiyo neno."

"Haiwezekani kulitoa, Maman. Awamu ya kwanza imeshafungwa."

"Ifungue. Mi sikusahabu. Nilikuongopea, juu weye ni wa umri wa mutoto wangu na mi nilikuwa na haya. Leo haya nimeiacha kwa nyumba. Tosha hiyo neno, ao sijibu kingine. Na hawa bamama banafuata, hakuna mwenye atajibu."

Hilo la mwisho alilibuni papo hapo, kwani hakuwa amekubaliana na mtu. Lakini mwanamke wa pili kwenye benchi akaweka beseni lake tupu chini, akalikalia, akakunja mikono. Wa tatu akafanya vilevile.

Hugues akaja kwa hatua zake za haraka. "Kuna nini? Maman, sikiliza, tuna wagonjwa mia tatu na kumi. Kila mmoja akitusimulia maisha yake tutamaliza lini? Tunahitaji jibu linaloingia kwenye orodha."

"Orodha njo inagonjwa?" Feza aliuliza. "Josiane njo anagonjwa. Mulimuandika alisahabu, na leo analala kwa kitanda, hawezi kusema hapana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Papa Hugues. Kama hauna fasi ya kuandika maneno yetu, ulikuja kutuuliza nini?"

"Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyesema umesahau."

"Njo vile. Nilisema juu ulinipa mayai matatu kwa sahani na ukaniambia chagua. Haukuniuliza ninakula nini."

Watu wakaguna. Hugues alifungua mdomo, na Feza akaona kwamba asipolisema sasa hatalisema tena. Akasimama. Sauti ya kwaya haikumwangusha.

"Ile dawa inaleta mukojo. Mi nikikunywa asubuhi, ninakojola kwa njia, na beseni iko kwa kichwa. Nilishakojola kwa kitenge, kwa ngazi, bantu banaona. Njo maana siku ya kuvuka sikunywaka. Sikusahabu hata siku moja. Kila asubuhi ninakiangalia kile kidonge, na ninakiacha."

Mzee mmoja akatazama viatu vyake. Nishimwe, aliyekuja na faili la mama yake, akajifunika uso. Kisha yule mwanamke aliyekalia beseni akasema bila kuinua kichwa, "Mi pia." Akafuata mwingine, na mwingine, hata wale wa mwisho waliokuwa wamesimama ukutani.

Épiphanie alikuwa ametoka chumba cha vipimo na kusimama mlangoni. "Lakini kidonge hiki si lazima asubuhi," alisema. "Ukirudi nyumbani saa nane mchana ungeweza kukinywa. Au daktari angekubadilishia. Nani aliwaambia ni asubuhi tu?"

"Weye, Maman Épiphanie," Feza alimjibu.

Épiphanie akashuka uwanjani. "Niliwaambia asubuhi ili msiamkeamke usiku," akasema. "Mficha uchi hazai, Feza. Lakini na mimi sikuuliza."

Ungedhani Feza angefurahi. Hapana, alikasirika hadi machozi yakamtoka. Miaka mitatu ya kubana, miaka mitatu ya kumdanganya muuguzi na mashine yake, na dawa ya jambo lenyewe ilikuwa saa nane mchana. Ilikuwa jambo la kuulizwa tu, tena kuulizwa na mtu anayengoja jibu.

Hugues alizunguka mara mbili uwanjani, akipiga simu, akikata. Mwishowe akasema bila kumtazama Feza, "Valens, tafuta daftari." Akaondoka kwenda kukaa garini.

Valens alipata daftari la shule lenye mistari. "Nianze na wewe, Maman?"

"Unaanza na Josiane."

"Maman, yeye tumemtoa. Hawezi kuongea."

"Amepoteza mudomo, hakupoteza akili. Simama twende."

Josiane anakaa si mbali, chumba kimoja kinachotazama ziwa. Walimkuta ameinuliwa kwa mito, macho yake makali kama zamani. Simu yake ilikuwa dirishani. Nishimwe alisema mpaka leo inalia kila alfajiri na hajui namna ya kuizuia, na kila ikilia mama anapiga kitanda kwa mkono wa kushoto, anapiga anapiga, nao wanadhani ni maumivu.

Feza akakaa kando yake, akampa vidole vyake viwili. "Dada, kama ni ndiyo, unanibana. Kama ni hapana, piga kitanda. Huyu kijana amekuja kuuliza, na hatutoki hapa mpaka umemaliza."

Valens akafungua daftari. "Maman Josiane, dawa, ulisahau?"

Mkono ukapiga kitanda. Ulipiga kwa nguvu hata mto ukaanguka.

"Andika," Feza alisema kwa ushindi. Kisha akamwinamia rafiki yake, akijua jibu kabla ya kuuliza. "Ni mukojo. Sawa na mimi."

Mkono ukapiga kitanda.

Feza akadhani hakusikika. Akarudia, polepole, karibu na sikio. Mkono ukapiga tena, na macho ya Josiane yakamkazia kwa hasira. Hapo Feza aliona joto limempanda usoni. Alikuwa amepigana uwanjani ili mtu asisemewe, na sasa yeye ndiye aliyekuja na jibu mfukoni. Akasogea nyuma. "Muulize weye, Valens. Mi ninyamaze."

Valens hakuwa na orodha tena. Alifikiri, akakuna shingo, akaweka kalamu chini. "Maman Josiane," akasema, "sijui niulize nini. Utuonyeshe."

Wakangoja. Mkono wa kushoto ukainuka, ukaelekea ukutani. Pale kwenye msumari kilining'inia kitenge alichokuwa amevaa siku ya kuanguka, kina madoa ya nyanya, kwa kuwa Nishimwe hakuwa na moyo wa kukifua. Kwenye pindo, fundo lilikuwa bado limefungwa. Feza alilitazama, akamtazama Josiane, na akanyoosha vidole viwili. Josiane akavibana.

Feza akalifungua fundo la mwenzake kwa mara ya kwanza maishani. Ndani kulikuwa na kitambulisho na kijikaratasi kilichokunjwa, na ndani ya kijikaratasi kidonge kimoja cheupe.

"Ulikuwa unabeba, haukunywa," Feza alisema. "Unabeba kwa nani?"

Mkono ukaelekea dirishani. Ukaipita simu, ukaonyesha maji, na ng'ambo ya maji vilima vya Bukavu na nyumba zake zilizopandana.

"Maman Micheline," Feza alisema, na vidole vyake vikabanwa mpaka vikauma.

Bibi Micheline naye ni wa tansio, na magoti yake yalikwisha kukataa ngazi tangu mwaka juzi. Alikuwa hashuki tena kutafuta dawa. Basi kila siku ya kuvuka, Josiane alifunga kidonge chake kwenye pindo na kumpelekea mama. Siku asizovuka alikunywa mwenyewe. Alikuwa amegawana dawa na mama yake kama tunavyogawana chumvi, na tangu aanguke ni majuma matatu yule bibi hajapata hata kimoja. Hicho ndicho alichokuwa akikipigia kitanda kila alfajiri.

Valens aliandika, kisha akasoma kwa sauti. "Josiane hakusahau dawa. Alikuwa anampelekea mama yake, ambaye hawezi kushuka ngazi. Anaomba mama yake atazamwe leo." Akauliza kama ndivyo. Josiane akabana. Alipoulizwa kama kuna la kuongeza, akaonyesha simu, na Valens akaichukua na kuuzima ule ujumbe mwenyewe.

Ilikuwa saa tisa. Feza alishuka Rusizi ya Pili, na kwa mara ya kwanza kwa miaka ishirini na saba alivuka bila kitu kichwani. Hata askari wa mpakani alimwuliza beseni liko wapi. Mkononi alikuwa na barua ya Épiphanie kwa muuguzi wa ng'ambo, na namba ya simu ya vijana wawili wenye machela atakaowaita ukifika wakati wa kumshusha bibi. Alipanda ngazi zote. Pale ya arobaini hakusimama.

Bibi Micheline alikuwa amekaa kizingitini, mdogo, uso umemvimba kidogo, mkono mmoja ukishika kichwa. Alimtambua Feza kwa hatua zake. Hakuuliza habari za mboga. Alitazama nyuma yake, kama kuna mwingine anayekuja nyuma, na alipoona hakuna, akainamisha macho.

"Feza," alisema, "Josiane alinisahabu?"

Feza akapiga magoti mbele yake, akamshika miguu yake yote miwili.

"Hapana, Maman. Nani alisema? Hakukusahabu hata siku moja. Njo yeye amenituma."